Injini Iliyoomba Pumzi

Mashine ya kukatia nyasi iligoma kuwaka, na kwa fundi kama Ngusa hilo halikuwa jambo la kumkosesha chai. Akafungua plagi, akaigusisha kwenye chuma, akavuta kamba. Cheche ikaruka, safi. Akamwaga petroli ya zamani, akatia mpya. Akakung'uta chujio la hewa, akavuta kamba mpaka bega likamuuma. Wapi!

"Kabureta tu hii," alimwambia mkewe, Eufrasia, aliyekuwa anaanika mihogo uwanjani kwao, Ibadakuli. "Jeti imeziba."

Akaitoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba kinachopitisha mafuta, akaitia mdomoni apulize, kama wanavyofanya mafundi wote wasio na pampu ya upepo. Safari hii jeti ilivuta. Ngusa alihisi pumzi ikinyonywa kutoka kifuani, akaitema haraka, kisha akajicheka. Akairudisha mahali pake, akavuta kamba mara moja, injini ikanguruma.

Moshi wake ulinuka udongo mbichi, ule wa chini kabisa. Eufrasia aliunusa akaacha mihogo yake.

Kesho yake ikagoma tena. Cheche ipo, mafuta yapo. Akapuliza, ikawaka. Siku ya tatu vilevile. Lakini kila ilipowaka, Ngusa alibaki ameshika magoti akihema, yeye aliyezoea kubeba gunia la mpunga peke yake. Hospitali walimpiga picha ya kifua wakasema mapafu ni mazima. Kufika Jumapili, hakuweza kumaliza sentensi.

"Baba Rhoda," Eufrasia alinong'ona, kana kwamba mashine ingemsikia, "hii injini uliyoipachika humu uliitoa wapi?"

"Kwa Chacha... kule Geita. Ilikuwa inaendesha feni... ya duara."

"Feni ya kuwapelekea wachimbaji hewa shimoni? Ilizima watu wakiwa chini?"

Ngusa akatazama pembeni. "Watatu."

Jamani! Msukuma mzima, aliyelelewa na wazee wanaojua kwamba kitu cha waliofia shimoni hakiondolewi kabla wenyewe hawajapozwa kwa unga na maji, yeye akaiosha kwa petroli akaona yametosha. Ufundi nao una kiburi chake.

Majirani walisema ni jini. Mama Apolonia, mganga wa upande wa Ushetu, alitikisa kichwa.

"Yaya, ng'wanawane, hapana mwanangu. Jini lingedai ubani. Hawa wanadai hewa, na mumeo amekuwa akiwapa ya kwake. Irudisheni. Nyunyizeni unga na maji, iwasheni iendeshe feni yao mpaka petroli iishe. Ila asipulize tena! Akipuliza mara moja tu, atabaki nao."

Chacha, mchimbaji aliyeiuza, aliwapeleka mwenyewe, macho chini kwa aibu. Walifika jua la saa sita likiwaka. Akaifunga injini kwenye feni ya zamani mdomoni mwa duara, Eufrasia akanyunyiza unga, akanyunyiza maji, akawaomba radhi kwa Kisukuma.

Chacha akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena, na tena, mpaka viganja vikachubuka, na kila alipovuta sauti ikajibu kutoka chini, sauti ya watu wanaovuta pumzi isiyokuwepo, taratibu, kwa pamoja, huku Ngusa akiwa amelala ubavu midomo imegeuka rangi ya majivu, naye, Mungu wangu, akaanza kutambaa kuelekea kwenye kabureta, mdomo wazi, macho hayamtazami mtu.

"Mshike!" Chacha alisema kwa sauti ndogo, lakini yeye mwenyewe aling'ang'ania kamba.

Eufrasia alimsukuma mumewe kando kwa nguvu zote. Alikuwa ameona kazi ile miaka yote ya ndoa yao. Akaifungua jeti.

"Aliyekatazwa ni wewe," alimwambia Ngusa akilia. "Mimi sikukatazwa."

Akapuliza.

Jeti iliporudi mahali pake na Chacha akavuta kamba, injini iliwaka papo hapo, feni ikazunguka, na Ngusa akavuta pumzi ndefu iliyomjaza mpaka tumboni. Akakaa. Akaita jina la mkewe, neno zima bila kukatika, akacheka huku machozi yakimtoka. Walikaa hivyo wameshikana mikono mpaka petroli ikaisha na injini ikazima yenyewe.

Ndipo, chini kabisa, mtu akakohoa. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu.

"Watatu," Chacha alinong'ona, akafanya ishara ya msalaba. "Wamepata hewa. Yameisha, shemeji."

Eufrasia alifungua mdomo amjibu, lakini hakikutoka kitu, kifua chake hakikupanda wala kushuka, mkono wake ukalegea ndani ya mkono wa Ngusa, na kule chini ya duara akakohoa wa nne, mwanamke, kwa sauti ambayo Ngusa alikuwa amelala kando yake kwa miaka kumi na tisa.