Kisanduku cha Tatu

Haya alinisimulia rafiki yangu Solfrid, na si mtu wa kuzua. Mumewe alipofariki, alibaki peke yake nyumbani kwao kisiwani Senja, kaskazini ya mbali ambako majira ya baridi jua halichomozi. Alasiri moja ya Januari, giza limeshatanda, aliweka intaneti ili awaone wajukuu. Vilikuwa visanduku viwili vya kusambaza mtandao, vinavyotafutana na kuungana vyenyewe: kimoja sebuleni, kingine jikoni. Simu yake ikaandika: vitatu vimeungana.

Akampigia fundi wa kampuni.

“Mwanangu, mimi nina viwili tu.”

“Basi vichomoe vyote, mama, tuanze upya.”

Akavichomoa. Nyumba ikanyamaza, ukabaki upepo ukikwaruza madirisha.

“Tayari.”

Fundi akabonyezabonyeza kompyuta yake. “Huku naona kimoja bado kinawaka, mama. Na kuna mtu ameanza kukitumia sasa hivi.”