Mtego wa Bi Shaka

Foleni ya ukaguzi asubuhi hiyo ilifika hadi nje, kila mtu na simu yake mkononi tayari kuifungia kabatini, na aliyeikwamisha ni Bi Shaka, kwa sababu ya sweta moja tu.

"Jua lote hili, sweta la nini?"

"La kazi, dada. Mimi fundi mpya wa baridi. Hiyo mashine yenu inataka baridi ambayo friji ya nyumbani haiiwezi hata kwa kuota."

"Geuka nikukague."

"Haya. Ila na wewe ujue, hata salamu hujanipa."

Foleni ikacheka. Bi Shaka hakucheka, lakini alikisoma kitambulisho cha yule kijana mara mbili, na mara ya pili haikuwa ya kazi.

Jina la Bi Shaka alipewa na wenzake, na lilimkaa. Zaidi ya ukaguzi wa mlangoni, alilinda kompyuta ya kwanta, ile inayomaliza kwa saa hesabu ambazo kompyuta nyingine zingezeeka nazo. Wateja waliikodi, na kazi zao ziliendeshwa ubavu kwa ubavu. Hapo ndipo wezi walipopenyea. Mwizi hupeleka kazi yake ya uongo ikae jirani na yako. Haivunji kitu, inasikilizia tu mitetemo ya kazi yako mpaka siri yako ijulikane. Ila lazima ajue saa yako, na ratiba ilikuwa siri.

Kwa miezi mitatu walipendana kweli, si utani. Halafu ratiba ikaanza kuvuja. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Bi Shaka akakumbuka jinsi fundi alivyozoea kumuuliza, "Kesho kuna kazi nzito, kipenzi? Niandae baridi mapema." Akamshuku. Akatunga kazi bandia, kisha akampigia kwa simu ya mezani kwake ofisini.

"Mpenzi, nikuibie siri, wewe peke yako? Alhamisi saa nne tunaendesha funguo za benki moja kubwa."

"Leo umekuwaje? Wewe hata umri wako hujanitajia!"

"Nakuamini."

Muongo mkubwa!

Alhamisi, saa nne kasoro dakika mbili, kazi ya mgeni ikaingia na kukaa pembeni kabisa ya ile bandia. Bi Shaka alikuwa ameomba Mungu isije. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo, na kabla ya saa sita fundi alikuwa anasindikizwa nje, sweta begani.

"Ulinitegea?" akamuuliza mlangoni.

"Siri ile nilimwambia mtu mmoja tu."

"Basi umempata." Akaondoka bila kugeuka.

Bi Shaka alilia chooni hadi macho yakavimba. Jirani yake wa meza, waliyemwita Miwani, akamletea chai na kumpoza. "Wanaume ndivyo walivyo, shoga yangu. Piga moyo konde."

Wiki iliyofuata ratiba ikavuja tena. Fundi alikuwa nyumbani wakati huo, hana ajira, hana kitambulisho. Bi Shaka akakaa kitini kwake akajiuliza ile simu ya mtego aliipigia wapi. Hapo hapo. Na nani alikuwa pembeni? Akageuka polepole. Miwani akamtabasamia. Kazi ya Bi Shaka yote ni kumnasa jirani anayesikiliza, na wa kwake alikaa hatua moja tu kutoka kwake, akimletea chai! Mkuu alipoikagua kompyuta ya Miwani, ujumbe aliowatumia wezi ulikutwa humo.

Fundi akarudishwa kazini. Lakini kila wakipishana ilikuwa "Habari za kazi" tu, kama watu baki, na simu zake Bi Shaka hazikupokelewa. Siku ya kumi na tano, fundi akapiga mwenyewe.

"Mpenzi wangu, nisamehe, nilikukosea sa—"

"Sikiliza. Nakuambia wewe peke yako. Jumamosi saa saba mama yangu atakuwa kwangu. Njoo." Akakata.

Wewe peke yako! Bi Shaka aliyajua maneno hayo, maana alishayatumia. Huyu ananitegea, akawaza; nitabisha hodi nikute mlango umefungwa, na mimi nionje alichoonja. Hata hivyo alivaa gauni lake la buluu, akabadili viatu mara mbili, akaenda.

Mlango ulifunguliwa na mama mnene mwenye macho ya fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akampima toka unyayo hadi utosi. "Ndiye huyu aliyekufukuzisha kazi?"

Fundi akatokea jikoni, anajifuta mikono. "Ndiye, mama."

"Na ndiye unayetaka kumwoa?"

"Akinikubali."

Bi Shaka akamtazama huyu, akamtazama yule, akitafuta mtego ulipo. Hakuuona. Machozi yakamtoka bila aibu.

"Nimekubali," akasema.

"Yeye ndiye umemkubali," mama akajibu, akimpisha mlangoni. "Mimi bado sikuamini hata kidogo. Ingia."