Sura Iliyokatwa kwa Wembe

— Sura ya mwisho iko wapi?

Mbeti, mtunza maktaba ya mji wa Nyeri, alikuwa amekifungua kitabu mezani. Wakonyo alikitazama bila kukigusa.

— Nilidhani kilikuja hivyo.

— Kilitoka hapa kikiwa kizima, nilikikagua mwenyewe. Hizi kurasa zimekatwa kwa wembe, na kadi ni yako. Hutaazima tena.

Ilikuwa mwaka 1968. Wakonyo alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa Kiingereza bila kupitia shule yoyote, ili aingie chuo cha ualimu. Alichokuwa nacho ni hadithi za maktaba. Neno asilolijua alilipita, akakutana nalo mbele, na baada ya kukutana nalo mara kadhaa akalielewa bila kuambiwa. Mchumba wake Gicheru, mwalimu wa shule ya Endarasha, aliuita huo uvivu. Yeye alikuwa amekariri kamusi tangu A, na alimtaka Wakonyo afanye vivyo hivyo.

Wakonyo alimkuta katika hoteli ya sokoni, akinywa chai.

— Wamenifungia maktaba. Ati nimekata kitabu.

— Pole. Lakini afadhali, sasa utashika kamusi. Nipe maneno kumi ya C.

— Gicheru, nimekwambia wamenifungia!

— Nimesikia. Kwani umekosa nini? Yule mwanamke anarudi kwa bwana yake, basi, imeisha.

Wakonyo alivuta kiti, akaketi mbele yake.

— Umejuaje?

— Hadithi zote huisha hivyo.

— Wewe husomi hadithi. Unasema ni za watu hawana kazi. Na Jumapili nilikuachia hicho kitabu nikienda kwaya.

Gicheru alijibu kwa sauti ya darasani:

— Wanafunzi huruka maneno wakikimbilia mwisho. Mimi huwakatia mwisho, nikawapa wakishajua maneno yote. Na wanapita mtihani.

— Mimi si mwanafunzi wako. Enda umwambie Mbeti.

— Mwalimu mzima nisimame mbele ya yule mama kama mwizi? Na mkaguzi wa shule akisikia?

— Kwa hivyo mwizi niwe mimi.

— Ni kadi tu, Wakonyo. Jumamosi wazee wangu wanakuja kwenu. Usiharibu.

Jumamosi wazee walifika na mbuzi, na kibuyu cha pombe ya muratina. Kwa desturi, pombe hiyo hainywewi mpaka msichana aulizwe. Akikubali, amemkubali mwanamume. Mzee Theuri, baba mdogo wa Gicheru, alijaza pembe ya kunywea.

— Msichana wetu, tunywe?

— Msinywe.

Ndungu, baba yake Wakonyo, alikohoa.

— Wakonyo, watu wametoka mbali.

— Najua, Baba. Wamuulize mwalimu kwanza ni nani alikata kitabu ya maktaba.

Theuri alicheka.

— Tumeleta mbuzi, tunaulizwa makaratasi!

— Mzee, niko na mtihani mwezi ujao. Sina mwalimu mwingine, ni hivyo vitabu tu. Yeye amenifungia mlango, halafu akaniacha niitwe mwizi.

— Mwalimu, ni kweli? aliuliza Ndungu.

Gicheru alitazama pembe mkononi mwa Theuri.

— Ni kweli. Nilitaka asome vizuri.

— Nilikuwa nasoma vizuri!

Hakuna aliyecheka sasa. Gicheru alisimama.

— Jumatatu nitaenda maktaba. Nitasema ni mimi.

— Nikirudishiwa kadi, nikimaliza mtihani, wazee wanaweza kurudi waniulize tena.

— Na ukiulizwa utakubali?

— Sijui, Gicheru. Hiyo hutaijua kabla yangu.

Theuri aliirudisha pombe kibuyuni polepole, asimwage hata tone. Gicheru alikibeba kibuyu mwenyewe begani. Njia ya kwenda Endarasha ni ya kupanda, na hakuna mzee aliyejitolea kumpokea mzigo. Mbuzi alikokotwa nyuma, akilia.

Wachuka, mama yake Wakonyo, alisubiri mpaka wakapita lango, akageukia sufuria tatu za irio zilizokuwa zikitoa mvuke.

— Sasa hii chakula yote, nani atakula?