Mgeuze Baba

Siku hizo fundi seremala hakukaa mahali pamoja. Alipiga randa kidogo, akaiweka chini. Aliingia nyumbani, akachungulia chumba cha baba yake, akatoka. Chai aliinywa akiwa amesimama mlangoni. Mke wake alimwuliza kama viti vyote vya nyumba vimeota misumari.

Baba yake alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yalimtoka polepole. Hakuweza kujigeuza kitandani. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha mwanawe kushika msumeno, na sasa hata kikombe alishikiwa.

Fundi alikuwa mtu wa sala. Alisali alfajiri, akasali jioni, na kila Jumatano wenzake wa kanisani walikuja kumwombea mzee. Kwa ajili yao mzee alilazwa chali, uso ukielekea mlangoni. Fundi aliona hiyo ndiyo adabu. Mgeni ataombaje mbele ya mgongo? Na kwa kuwa wengine walipita siku yoyote, mzee alibaki chali wiki nzima.

Kisha chumba kikaanza kunuka. Mke wa fundi aliona doa la usaha kwenye shuka, akamwita mumewe pembeni.

"Baba watoto, mimi ni mkwe. Namlisha, namfuta uso, nafua shuka zake. Kumvua nguo siwezi, na mwenyewe hatakubali. Wewe ni mwanawe. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Fundi alimjibu kwa Maandiko. Wana wa Nuhu, alisema, walitembea kinyumenyume ili wasiuone uchi wa baba yao. Yeye ni nani hata auangalie wa baba yake? Akaenda zake kanisani kuomba Mungu alete mtu wa kumsaidia. Akafunga pia. Tumbo liliunguruma, na harufu ikabaki pale pale.

Tuseme ukweli: fundi alikuwa anaogopa. Aliogopa kumwona baba yake akiwa mnyonge. Ndiyo maana hakutulia.

Jumatano iliyofuata chumba kilijaa. Walipofika kwenye "mapenzi yako yatimizwe," mzee mmoja wa kanisa alikohoa, akasogea dirishani. Fundi aliona aibu. Akajifanya anakwenda kutazama bawaba ya mlango, akatoka moja kwa moja hadi karakana.

Miongoni mwa wageni alikuwamo jirani yao, nesi wa zahanati. Wengine walipoondoka, alimwomba mzee ruhusa, akafunua shuka, akatazama. Kisha akamfuata fundi karakana. Alimkuta anachezea misumari.

"Fundi, baba yako ana kidonda cha kulala. Kiko mgongoni, chini, kwenye mfupa. Na visigino vimeanza kuwa vyekundu."

"Tunaomba, dada. Nimemwomba Mungu alete mtu."

"Mtu yupo. Amesimama hapa na misumari mkononi."

Fundi akamweleza habari ya Nuhu. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haya. Wale vijana walikwenda kwa baba yao, au walibaki nje?"

"Walikwenda."

"Wakafanya nini?"

"Wakamfunika."

"Basi walikwenda kumsitiri. Wewe umemwacha alale kwenye majimaji mpaka wageni wanaziba pua. Hapo nani amemsitiri?" Nesi akashusha sauti. "Kila siku unamwambia Mungu mapenzi yake yatimizwe. Yakija na beseni na taulo, unatoka nje."

Fundi alikasirika. Alichukua randa, akaisukuma juu ya ubao uliokuwa umekwisha kulainika. Alisukuma mpaka mikono ikachoka. Nesi hakuondoka. Mwishowe fundi akasema, "Nionyeshe."

Wakarudi ndani. Nesi alieleza kwamba mtu akilala upande mmoja kwa muda mrefu, mfupa unaibana nyama dhidi ya godoro. Damu haipiti, na nyama inaanza kufa. Kwa hiyo mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku: ubavu huu, kisha ubavu ule. Kwa sasa asilale chali, ili kidonda kisikandamizwe. Asiburutwe, maana shuka huchubua ngozi; abiringishwe taratibu. Mto mmoja uwe kati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo, na visigino visiguse godoro. Ngozi ikiwa nyekundu, isisuguliwe.

"Na jivu tusipake?" aliuliza mke wa fundi.

Nesi alisema hapana, wala dawa za kubahatisha. Kidonda bado hakijaingia ndani, atakisafisha na kukifunga mwenyewe. Kikiwa cheusi, au mzee akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nao wampe mayai, maharage na maziwa, maana nyama mpya hujengwa na chakula.

Ilibaki kazi yenyewe. Fundi alishika beseni la maji ya uvuguvugu, akaliweka kando ya kitanda.

"Baba, niruhusu," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa, akafumba macho. Machozi yalimtoka pembeni. Fundi alitamani kukimbia, na miguu ilikwisha kuelekea mlangoni. Akaizuia. Nesi alimwonyesha kufunua sehemu inayooshwa tu, na kufunika kwingine kote. Akaosha, akakausha kwa kugusagusa, akanyoosha shuka mpaka mikunjo ikaisha.

Siku ya pili mzee hakulia. Siku iliyofuata alifumbua macho, akasema polepole, "Taratibu. Mimi si ubao." Fundi alicheka mpaka akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa hajaketi chumbani humo tangu ugonjwa uanze.

Wageni walipomkuta mzee ameelekea ukutani, mmoja alinung'unika. Fundi alihamishia benchi upande wa pili na kuwaeleza yote aliyofundishwa, hata makosa yake. Kisha yule aliyekohoa akajitolea kuja mchana kumgeuza mzee, fundi anapopeleka kazi kwa wateja. Mwingine akaleta mayai, na tangu siku hiyo hawakuja mikono mitupu.

Kidonda kilianza kukauka pembeni, kikapungua, hatimaye kikafunikwa na ngozi mpya. Nesi aliitazama, akasema wasiache kumgeuza hata siku moja, la sivyo kitarudi.

Jumatano moja chumba kilijaa tena. Fundi alisimama kufungua sala. Alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa, baba yake alipoinua ule mkono mzima.

"Ngoja," mzee alisema. "Nigeuze kwanza. Halafu tuombe."