Usifunue Kabla ya Kengele

Nyumba ile ilikuwa na simu tano. Zote zilikuwa nyeusi, zote za aina moja. Baba wa nyumba alizinunua siku moja, duka moja, akajiona mjanja kweli. Kumbe amejitafutia balaa. Kila asubuhi simu zilikuwa mezani, na kila asubuhi palikuwa na kelele.

"Nani kachukua simu yangu?" baba aliuliza.

"Muulize mama," mkewe alijibu.

Mama huyo alikuwa mama mzazi wa baba. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Aliokota simu yoyote iliyokuwa karibu, akaitia mfukoni, akaenda zake. Juzi tu alipokea simu ya mwanawe. Aliyepiga alikuwa bosi wa kazini, anauliza ripoti iko wapi. Mama akamjibu, "Mwanangu, lakini umekula?"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Lakini Jumamosi mama alikuwa anasafiri kwenda kukaa kwa binti yake, mwendo wa siku nzima. Je, akibeba simu isiyo yake? Wangempataje njiani?

Mama mwenyewe ndiye aliyetoa shauri. Alileta picha ya marehemu mumewe. Mzee amevaa kofia nyeupe, anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Niwekee huyu mgongoni mwa simu yangu," alimwambia mke wa mwanawe. "Huyu siwezi kumkosea. Nimeishi naye miaka arobaini."

"Mama, hilo dogo sana. Ondoa shaka."

Mtaani mke huyo aliitwa Mpishi, maana alipika miaka tisa katika kantini ya kiwanda. Kiwanda kilipofungwa, alinunua printa na mashine ya joto, akaanza kuchapa picha kwenye makava ya simu. Watu walimcheka. "Mwiko na mashine wapi na wapi?" Mama mkwe peke yake ndiye aliyemtetea. "Mwacheni," alisema. "Mkwe wangu ataweza." Maneno hayo Mpishi hakuyasahau hata siku moja.

Ijumaa asubuhi alianza kazi. Kava la aina ile lina sehemu mbili: plastiki, na bati jembamba jeupe linalobandikwa mgongoni. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, kwa wino maalumu. Kisha karatasi hulazwa juu ya bati. Mashine hubana kwa joto kali, na picha huhamia kwenye bati. Mpishi alikuwa na mabati matatu tu ya simu ile.

Alichapa karatasi ya kwanza. Lo! Rangi zilikuwa zimefifia.

"Wino gani huu, kama chai ya maji mengi?" aligomba. Akarudi kwenye kompyuta, akakoza rangi zote, akachapa upya, akabana. Mzee akatoka mweusi kama kitako cha sufuria, tena ana madoadoa.

Bati la pili alikoza kidogo tu. Karatasi ikiwa ndani ya mashine, moyo haukutulia. Akafunua kidogo, akachungulia, akafunga. Akafunua tena. Mwisho akatoa bati, akampelekea mama.

Mama alilisogeza karibu na macho. "Huyu nani?"

"Si mzee huyo, mama?"

"Mume wangu alikuwa na macho mawili. Huyu ana manne, na kofia mbili. Hata macho yangu mabovu yanaona hilo."

Mama alisema kwa utani, lakini Mpishi alichomwa. Aliingia jikoni, akalia. Bati limebaki moja, safari ni kesho, na aliyemwamini kuliko wote ndiye atakayeondoka mikono mitupu. Mdomo huponza kichwa, ndugu zangu. Halafu akajifuta uso, akavuka barabara kwenda kwa Fundi Jezi.

Fundi Jezi alikuwa jirani yao, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, anayechapa majina na namba kwenye jezi za timu. Alikuja na saa yake shingoni. Hakuiangalia mashine kwanza. Aliangalia juu.

"Shoga, hizi nguo mbichi zinafanya nini humu?"

"Mvua ilinyesha juzi. Nimezianika ndani."

"Na karatasi zako?"

"Zile pale, chini ya kamba."

Fundi Jezi alishika karatasi moja, ikalegea mkononi. "Umeona? Imenyonya unyevu. Ukiibana kwa joto, unyevu unageuka mvuke. Ndio madoa yako hayo. Karatasi zifunge ndani ya mfuko, uziweke pakavu. Na hii utakayotumia, kabla ya kuichapa, ibane sekunde tano hivi ikauke."

"Na rangi je? Zilikuwa zimefifia, nikakoza."

Fundi Jezi akacheka kicheko chake. "Ndivyo zinavyokuwa kwenye karatasi! Wino huu haukolei mpaka upate joto. Ukikoza kabla, unachora mkaa. Iache picha ilivyo. Umeigeuza kama kwenye kioo?"

"Hilo nalijua."

"Haya. Na macho manne yametoka wapi?"

Mpishi alitazama chini. "Nilichungulia kidogo."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Haya basi! Umeileta kantini kwenye mashine. Sufuria unafunua, unaonja, unafunika. Hapa ukifunua, karatasi inasogea, na picha inajichapa mara ya pili pembeni. Ndio mzee akapata kofia mbili."

Wakafanya kazi pamoja. Nguo mbichi zikahamishiwa ukumbini, karatasi ikakaushwa, picha ikachapwa bila kukozwa. Mpishi alibandua utando mwembamba wa plastiki uliofunika bati la mwisho, akalifuta vumbi kwa kitambaa safi. Akailaza karatasi, upande wa picha ukilitazama bati, akaishika kwa tepu inayovumilia joto. Wakasoma maelekezo yaliyokuja na mabati: nyuzi mia moja na tisini, sekunde sitini. Mashine ilipofika joto hilo, Mpishi akabana.

"Mikono nyuma!" aliamuru Fundi Jezi.

Mama alivuta kiti, akakaa kushuhudia. Sekunde kumi. Ishirini. Mkono wa Mpishi ukaanza kutambaa kuelekea mpini.

"We!" mama alimchapa kofi dogo mkononi. "Marehemu naye alikuwa hivyo hivyo. Miaka arobaini ananifunulia sufuria, miaka arobaini tunakula chakula kibichi. Subiri!"

Wote watatu walicheka. Kengele ya mashine ikalia. Mpishi alivaa glavu nene, akafunua, akaivuta karatasi kwa mkupuo mmoja bati likiwa bado la moto, kama alivyoelekezwa.

Mzee alikuwa pale. Kofia moja, nyeupe. Macho mawili, na magego yote. Bati lilipopoa wakalibandika kwenye kava, wakampa mama. Alimpapasa mzee shavuni kwa kidole gumba, machozi yakamtoka. Mpishi naye akalia, safari hii kwa furaha.

Jumamosi alfajiri simu tano zilikuwa mezani. Mama alinyoosha mkono, akachukua yake bila kuuliza mtu. "Twende zetu, mzee," aliiambia. "Na huko usifunue sufuria za watu."

Jioni, Mpishi alikuwa akiandika kwa herufi kubwa ukutani, juu ya mashine: USIFUNUE KABLA YA KENGELE. Simu ikaita mezani, akaipokea.

"Nimefika salama," mama alisema. "Jirani yangu kwenye basi kamwona mzee, kaniuliza kachapwa na nani. Nimemwambia, na mkwe wangu. Anataka na yeye kava lenye picha ya mama yake."

"Mwambie alete picha, mama! Sasa najua."

Mara baba akatokea chumbani, amepekua mito yote. "Nani kachukua simu yangu?"

"Mama hayupo, usimsingizie," Mpishi alimjibu.

"Wewe mkwe," mama alisema simuni, huku akicheka, "mimi nimempigia mwanangu. Hiyo simu uliyoshika ni ya nani?"