Amani ya Mangi Lasenga

Zama zile Kilimanjaro ilikuwa na wamangi, yaani watawala wa Kichaga, wengi kama mito yake, na kila mangi alichimba handaki kumzuia jirani. Bendera ya mgeni ilikuwa haijapandishwa popote. Misafara ya pwani ilipanda kutoka nyikani na bafta, shanga na baruti, ikashuka na pembe za ndovu. Na pembe zilipoadimika, ikashuka na watu. Nani aliwauza watu hao? Tusidanganyane. Waliowauza ni wakubwa wao wenyewe, kisha wakaketi kunywa pombe ya mbege.

Katika nchi ya Msarinyi, upande wa kusini wa mlima, aliishi Matowo, jemadari wa vijana wa vita wa Mangi Lasenga. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, mwenye joho la ngozi za pimbi na ngao ya nyati iliyochanikachanika kwa mikuki ya watu. Binti yake wa kwanza, Manka, alitekwa pamoja na wanawake wenzake walipokwenda chini kukata majani ya ng'ombe. Waliowateka ni watu wa Kirongayi, nchi ya ng'ambo ya mlima. Habari zikaja kwamba siku ya gulio mateka wote watakabidhiwa msafara.

Matowo akaenda kuomba ruhusa ya vita. Alimkuta Mangi kigodani, shuka mpya ya bafta begani, jani la isale mkononi. Kila Mchaga ajua maana ya jani hilo. Mwenye kosa akikuletea isale, utamsamehe hata kama amemwua nduguyo. Ukilikataa, umejitakia laana wewe na kizazi chako.

“Kirongayi wameomba radhi,” akasema Lasenga. “Nimepokea. Vita hakuna.”

“Na watu wetu, Mangi? Wamewarudisha?”

“Wameleta isale.”

“Na baruti,” akasema Matowo, akivitazama vipipa vilivyopangwa nyuma ya kigoda. “Na nguo uliyovaa. Mwanangu yumo kwenye kongwa, nawe umemsamehe aliyemfunga!”

“Chunga ulimi wako! Amani ya nchi si kilio cha mzazi mmoja.”

Matowo akatoka bila kuaga. Akaazimia kwenda kuwatoa mateka bila ruhusa.

Njia za chini zilikuwa na mahandaki na walinzi, wa Kirongayi na wa Lasenga vilevile. Ikabaki njia ya juu. Kirongayi hawakuweka hata mtu mmoja mgongoni mwao, kwani waliamini, kama walivyoamini Wachaga wote, kwamba adui hupanda kutoka nyikani. Huko juu kuna Ruwa, Mungu wao, na baridi yake, na hakuna mwenye akili atakayepita hapo na mkuki.

Waliomfuata ni baba na kaka za mateka. Walijipaka mafuta ya kondoo usoni, wakabeba ndizi kavu na nyama ya kukausha, wakapanda. Walipita msitu wenye giza na utelezi, wakapita vichaka, hata miti ikaisha kabisa. Hapo wakatokea kwenye uwanda wa majivu na mawe meusi, ambayo mlima uliyatapika kabla mtu hajazaliwa. Kilele cha Kibo kilikuwa kushoto, cheupe. Cha Mawenzi kulia, kimechongoka kama meno mabovu. Vichwa viliwagonga, pumzi zikawa fupi.

Kisarika, ambaye dada yake alikuwa miongoni mwa mateka, akaketi juu ya jiwe. “Niacheni nilale kidogo tu, mbe,” akamsihi mkubwa wake.

Matowo akamzaba kofi. “Inuka! Dada yako hatalala leo, nawe hulali!”

Kisarika akainuka akilia kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomvusha.

Waliingia Kirongayi alfajiri ya gulio, kupitia migombani, nyuma ya nyumba. Walinzi wote walikuwa handakini, macho yao nyikani. Kabla hawajageuka, makongwa yalikwisha kukatwa. Mapigano yalikuwa mafupi na mabaya. Watu wa msafara walifyatua bunduki hovyo, wakakimbia, wakaacha marobota yao. Mkuu wa walinzi alianguka chali, na Matowo alipoinua mkuki, yule mtu akanyoosha mkono kwenye ua wa isale, akachuma jani, akalishika mbele ya uso wake.

Matowo akausimamisha mkuki. Alitaka kumchoma, Mungu ajua jinsi alivyotaka!

“Umesamehewa,” akasema kwa uchungu. “Roho yako baki nayo. Lakini watu wangu nawachukua.”

Walirudi kwa njia ileile ya majivu, wanawake wamejifunga bafta ya msafara juu ya majeraha ya shingo.

Lasenga aliwangoja uwanjani, na wanyapara wake wamemzunguka. Hakumpa mateka hata mmoja pole.

“Umevunja isale niliyoipokea,” akasema. “Chuma jani, Matowo, unipigie magoti mbele ya watu. Ama uihame nchi hii.”

Matowo akamshika Manka mkono, akamsogeza mbele, kidonda cha shingo yake kingali kibichi.

“Mangi, jani hilo huchumwa na aliyekosa. Kachume wewe, umpe huyu.”

Lasenga akageuza uso.

Basi Matowo akatwaa ngao yake akaondoka. Manka akamfuata, na wanawake wote waliokombolewa wakafuata, na nyuma yao baba zao, kaka zao, waume zao na ng'ombe wao. Hakuna aliyetukana. Walipita mbele ya Mangi kama wanaopita kichuguu.

Wasimulizi wa uani kwa Mangi walimwita Lasenga Mleta Amani, na ndilo jina waliloturithisha. Matowo wakamwita mvunja isale. Na ndiyo kazi ya wasimulizi wa uani, hulipwa shibe. Lakini hawasimulii masika yaliyofuata, mfongo, ule mfereji uletao maji Msarinyi, ulipobomoka. Lasenga aliamuru baragumu ipigwe kuwaita watu wa kuchimba. Ililia asubuhi nzima. Wakaja wanyapara wake tu, kila mmoja na shuka yake ya bafta, na hakuna aliyekuja na jembe.