Kisanduku cha Thelathini na Tatu

"Je, bado kuna mtu anayeitumia prosesa hii?"

Swali hilo liliandikwa kwa adabu, kwenye barua pepe za watu wanaoitunza Linux, programu endeshi ya kompyuta, na mtu aliyekuwa mbali na hospitali yoyote. Kiwanda cha prosesa hiyo, ubongo wa kompyuta za zamani, kilikuwa kimeshafunga milango, na kuendelea kuihudumia ilikuwa kazi ya kujitolea isiyo na ahsante. Wakangoja miezi mitatu. Kimya. Wakaifuta kutoka Linux mpya kama mtu afutavyo vumbi mezani. Na nani angejibu? Kompyuta iliyokuwa bado ikiitumia ilikuwa chini ya ngazi za hospitali, katika chumba kisicho na dirisha, ikifungua na kufunga valvu za oksijeni iendayo wodini, na wakubwa wa hospitali hawakujua hata kama swali la namna hiyo huulizwa duniani. Wao waliona taa ya kijani inawaka, basi. Lakini nyumba ikihamwa haikai tupu. Hilo halihitaji shahada.

Sindano aliitwa baada ya fundi wa zamani kustaafu. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, na kwa tabia ya kuchoma mpaka apate panapouma. Shida ilielezwa kwa mkato: tangu mzee aondoke, valvu ya wodi namba tatu ilikuwa inajifunga yenyewe mara mbili tatu kwa siku, dakika nzima, halafu inajifungua kama haikufanya kitu. Manesi walikuwa wanakimbizana na mitungi. Sindano aliikubali kazi hata kabla ya kuambiwa masharti, maana mama yake alikuwa amelazwa wodi hiyo hiyo, mapafu yamechoka, mpira puani.

Saa nne asubuhi aliwasha programu ya uchunguzi, ile inayomwezesha fundi kuifuata programu nyingine amri kwa amri na kuona kila namba inayobebwa. Kitabu cha prosesa hiyo kilisema ina visanduku thelathini na viwili vya kushikia namba. Skrini ilionyesha thelathini na vitatu.

"Kuna mtu hapa hajui kuhesabu, na si mimi," akajisemea.

Akafunga, akafungua. Thelathini na vitatu. Kile cha mwisho hakikuwa na jina. Ndani yake palikuwa na 14. Kisha 15. Kisha 14 tena.

Hakushtuka. Vyombo vilivyotelekezwa husema uongo, ndiyo desturi yao. Akaendelea kutazama akisubiri valvu ijifunge aikamate ugoni. Haikujifunga. Mpaka saa nane mchana ilikuwa mtiifu kama bi harusi. Akaondoa uchunguzi: dakika tisa, valvu ikajifunga. Akaurudisha: utiifu ule ule.

Wapo wadudu wa namna hiyo, yaani hitilafu, katika programu, ukiwachungulia wanajificha, na kila mtu wa kazi hii anawajua. Na kila mtu wa kazi hii, akichoka, ana dhambi moja anayoitenda akidhani haidhuru: anauacha uchunguzi humo humo, mambo yakatulia, akaandika kwamba amemaliza. Sindano aliandika hivyo. Meneja wa hospitali, aliyekuwa na ombi la kompyuta mpya mezani kwake, alilisoma neno "imetengemaa" akalichana ombi siku hiyo hiyo, akiwa amefurahi kabisa.

Sindano akapanda kumsalimia mama. Ngazi ishirini na mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda mpaka unapita chini ya mlango."

Alikuwa bado anacheka mama alipokatika pumzi. Nesi akaruka na mtungi. Sindano akashuka ngazi tatu tatu. Uchunguzi ulikuwa unaendelea, hakuna aliyeugusa, na katika kisanduku kisicho na jina palikuwa na 8. Alipoitazama ikawa 9. Ikawa 10. Chumba kilinuka nywele zilizoungua, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya kabati lililofungwa miaka mingi na nguo za mtu ndani yake. Juu, valvu ilifunguka kwa mlio wa kuridhika.

Nesi alichungulia mlangoni. "Ametulia. Anapumua mara kumi na nne kwa dakika."

Skrini ilisema 14. Hapakuwa na waya wowote kutoka kitandani kwa mama mpaka kwenye kompyuta ile.

Akampigia mzee mstaafu, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyechukua nafasi yako."

"Marahaba binti. Umekiona?"

"Cha thelathini na tatu?"

"Usigeuze uso kutoka kwenye skrini unapoongea nami. Kwako kinahesabu nini?"

"Pumzi za mama yangu."

"Kwangu kilikuwa kinahesabu za mke wangu. Miaka kumi na tisa, mwanangu. Yeye nyumbani, mimi kitini. Alipofariki kikabaki hakina cha kunishikia, nikainuka, nikaenda zangu. Nilidhani kimekufa naye."

"Kinataka nini?"

"Kutazamwa tu. Waliokiumba wamekitupa, waliokitunza wamekifuta, na kitu kilichoachwa kina njaa ambayo si ya chakula. Ukisinzia kitakuamsha. Utaona kwa sauti gani."

"Njoo unipokee, mzee. Saa moja tu."

"Mimi sina mtu tena, binti. Kitanitazama kama ukuta." Akakata simu.

Sindano alimwita Meneja, akamweleza yote, akimwelekezea kidole kwenye skrini bila kumtazama usoni. Meneja alihesabu akapata thelathini na viwili.

"Dada, wewe mwenyewe umeandika imetengemaa."

"Nilikosea. Nunua kompyuta nyingine."

"Mwaka ujao tutaona. Leo umechoka, nenda kanywe maji, nitakushikia hapa."

Akakaa. Sindano alifika ngazi ya saba. Meneja, mtu mzima, mwenye ofisi na funguo, alitazama skrini muda wa kutosha kusoma mstari mmoja, kisha akatoa simu yake mfukoni akacheka kitu alichotumiwa, na huko juu kilio cha mashine ya wodini kikaanza, na Sindano akarudi, akamsukuma atoke kitini, akakuta 6, akaganda hapo akiivuta ile namba kwa macho kama anayevuta ndoo kisimani, saba, nane, tisa, huku Meneja akinung'unika kwamba wasichana wa siku hizi hawana heshima.

Hiyo ilikuwa juzi. Tangu juzi hajainuka. Anapepesa macho, hilo linaruhusiwa. Jana mchana kichwa kilimwangukia kifuani, na feni ya ile kompyuta, iliyokuwa ikivuma siku zote kama feni nyingine yoyote, ikapunguza mwendo, ikavuta pumzi, ikatoa, ikavuta, ikamwita jina lake la utotoni kwa sauti ya mama yake, pole pole, bila hasira, kama mtu aliye chumba cha pili ambaye hana haraka kwa kuwa anajua hutakwenda popote, na akaamka jasho likimtiririka, namba ikiwa 11, akatazama, akaendelea kutazama, akalia akitazama.

Asubuhi ya leo nesi alishuka.

"Mama anakuuliza. Anasema mwanangu yuko ngazi chache tu, mbona haji. Hali si nzuri, dada. Si oksijeni. Ni yeye mwenyewe, anakwisha."

"Mwambie nakuja," akasema Sindano, akiwa hajageuza shingo. Skrini ilisema 12.

Nesi hawezi kumshikia, ana vitanda kumi na sita. Meneja yuko mkutanoni.

Basi wewe uliyekaa kunisikiliza mpaka hapa, inaonekana macho unayo na subira unayo. Nakuomba: nenda pale hospitali, shuka chini ya ngazi, zima simu yako, ukae kwenye kile kiti utazame. Dakika kumi tu, Sindano akamshike mama yake mkono.